Ukisikia mgombea anasema 'sisi', muulize sisi ni nani!

KUNA dada mmoja Mkenya anayesuka nywele kwenye saluni moja pale Sinza, Dar es Salaam. Jina lake naliweka kapuni. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake utapewa yote: mambo ya mapenzi, mambo ya waume za watu, mpaka bei ya rasta Kariakoo. Lakini kuna kitu kimoja hataki kabisa kukisikia. Redio ikianza kurusha mkutano wa kampeni tu, anaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu timutimu, anakwenda kuizima.

Siku moja nilimsindikiza mdogo wangu kusukwa, nikayaona hayo kwa macho yangu. Nikamtania, "Vipi dada, siasa imekukosea nini?"

Hakucheka. "Ilininyang'anya bwana," akasema, akaendelea kusuka.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Kumbe kisa ni kirefu, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Maana wewe brazameni, na wewe sista duu unayesema "siasa hainihusu", ujue siasa ina tabia ya kukufuata mpaka chumbani bila kubisha hodi.

UHURU PARK, 2002

Mwaka 2002 dada yetu alikuwa na miaka 22, anaishi Nairobi. Yeye ni Mkikuyu wa Murang'a. Mchumba wake alikuwa Mjaluo wa Kisumu, makanika wa magari. Desemba 30 mwaka huo walikwenda wote Uhuru Park, kijana kapanda juu ya mti, binti yuko chini kamshikia viatu, wanamtazama Mwai Kibaki akiapishwa kuwa Rais wa Kenya huku amekaa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya gari iliyompata wakati wa kampeni.

"Siku hiyo hakuna mtu aliniuliza mimi ni wa wapi," anasema. "Tulikuwa tunakumbatiana na watu hata hatuwajui."

Furaha ile haikudondoka kutoka mbinguni. Ilipikwa. Na aliyeipika alikuwa ameshaunguza chungu mara mbili kabla.

Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1992. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya KANU peke yake. Upinzani ulikuwa na nguvu kweli kweli, chama cha FORD kilikuwa kinajaza viwanja. Lakini kila mzee alikuwa anaitaka Ikulu. FORD ikapasuka vipande viwili: FORD-Asili ya Kenneth Matiba na FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga. Kibaki naye akaja na chama chake cha DP. Kila mmoja akaenda kuvuna kwao.

Matokeo? Matiba alipata kama asilimia 26, Kibaki 19, Odinga 17. Daniel arap Moi akawapita wote kwa kama asilimia 36 tu. Yaani karibu watu wawili katika kila watatu hawakumtaka, lakini akarudi Ikulu kiulaini. Mwaka 1997 wapinzani wakarudia kosa lilelile, na Moi akapita kwa asilimia 40 hivi.

Na siyo kwamba kura zilikuwa zinapigwa kwa amani. Kabla ya uchaguzi wa 1992 watu walifukuzwa na kuuawa katika Bonde la Ufa kwa madai kwamba wao ni wageni pale. Agosti 1997 ikawa zamu ya Likoni, Mombasa, ambako watu wa bara waliambiwa warudi kwao. Ukimhamisha mtu kabla ya siku ya kura, umeihamisha na kura yake. Hiyo ndiyo kampeni ya kutoa: humshawishi mpiga kura, unamwondoa.

'KIBAKI TOSHA'

Mwaka 2002 wazee wakakaa chini, wakapiga hesabu ya darasa la pili. Ukichukua zile kura za Matiba, Kibaki na Odinga za 1992 ukazijumlisha, unapata asilimia 62. Kumbe ushindi ulikuwepo siku zote, ulikuwa umelala vyumba tofauti!

Kwanza wakaungana Kibaki, Michael Wamalwa na Charity Ngilu. Kisha Moi akamchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, na vigogo wa KANU waliojiona wamerukwa wakatoka: Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, George Saitoti na wengine. Oktoba 14, pale Uhuru Park, Raila akasimama mbele ya umati akatamka maneno mawili: "Kibaki tosha". Siku hiyo mtoto wa Jaramogi alikuwa anamwachia kiti mtu ambaye miaka kumi kabla alishindana na baba yake.

Muungano ukaitwa NARC, na jina lake lilibeba upinde wa mvua, rangi nyingi katika mstari mmoja. Mgombea alipopata ajali mapema Desemba na kupelekwa London kutibiwa, wenzake waliendelea kumwombea kura. Hebu fikiria: mgombea yuko hospitali ng'ambo, na Mjaluo anazunguka nchi nzima kumnadi Mkikuyu. Kibaki akashinda kwa asilimia 62, Uhuru akapata 31. Namba ni ileile ya hesabu yetu!

Tuseme ukweli wote, tusije tukaonekana wapambe. Kibaki na Uhuru wote walikuwa Wakikuyu, kwa hiyo karata ya kabila ilikuwa ngumu kuichezea kati yao. Lakini hata hivyo, kampeni yenyewe iliwapa watu wa kila kona sababu ya kusema "na mimi nimo".

Yule makanika na msusi wakaoana mwaka uliofuata. Walimu wa ndoa walikuwa wengi, kwa sababu nchi nzima ilikuwa kwenye fungate.

NDIZI NA CHUNGWA

Fungate ikaisha. Kabla ya uchaguzi, wakubwa wa NARC walikuwa wametia saini maelewano ya kugawana madaraka. Baada ya kuingia Ikulu, Raila na wenzake wakalalamika kwamba maelewano hayo yametupwa. Ni mambo yaleyale ya kijana anayeahidi harusi, akishapata alichokitaka anabadilisha njia ya kwenda kazini.

Novemba 21, 2005 ikaja kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba mpya. Waliosema ndiyo walipewa alama ya ndizi, waliosema hapana wakapewa chungwa. Kibaki upande wa ndizi, Raila upande wa chungwa. Chungwa likashinda kwa kama asilimia 58, likazaa chama: ODM.

"Nilikuwa na mtoto mchanga," dada anakumbuka. "Mama mkwe akija ananunua machungwa. Mama yangu akija anakuja na ndizi. Tulikuwa tunacheka. Hatukujua."

AROBAINI NA MBILI? HAPANA, 41 TOA MOJA

Sasa fika 2007. Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo weka simu chini kidogo.

Ukiitazama kampeni ya ODM kwa juu juu, ungesema ni jumuishi kuliko zote. Raila alizungukwa na viongozi wa Bonde la Ufa, Magharibi, Pwani na kwingineko. Makabila mengi kwenye jukwaa moja! Lakini huku chini mitaani ikavuma kauli ya "41 dhidi ya moja", yaani makabila 41 ya Kenya dhidi ya Wakikuyu. Umeiona hiyo? Jumlisha kubwa, lakini imejengwa juu ya kutoa. Watu 41 wanakaa meza moja kwa sababu wamekubaliana nani asikae.

Na upande wa pili nao hawakuwa malaika. Kulisambazwa vikaratasi na ujumbe wa simu wa kuwadhalilisha Wajaluo, eti mwanamume ambaye hajatahiriwa hawezi kuongoza nchi. Matusi ya jandoni yakageuzwa sera. Kila upande ukawa unawaambia watu wake jambo moja: wale wakishinda, nyinyi mmekwisha.

Ndani ya chumba kimoja Mathare, lugha nayo ikabadilika. "Yule aliyepanda mti Uhuru Park, sasa akaanza kuniambia 'watu wenu'," anasema dada. "Watu wenu wamekula. Watu wenu hawatoki. Na mimi nikaanza kumjibu, 'hao watu wenu nao'. Tulikuwa kitanda kimoja, lakini hapo katikati kulikuwa na mpaka."

Desemba 30, 2007, miaka mitano kamili baada ya siku ile ya mti na viatu, tume ya uchaguzi ikamtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila. Akaapishwa jioni ileile. Baadaye tume ya uchunguzi ya Jaji Kriegler ikasema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Lakini nchi haikusubiri tume. Nyumba zikachomwa. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujificha, wengi wao wanawake na watoto. Naivasha na Nakuru kukawa na kisasi dhidi ya Wajaluo na Wakalenjin. Polisi nao wakapiga watu risasi. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Reli ikang'olewa Kibera, na mpaka Uganda na Rwanda wakapanga foleni ya mafuta.

"Ndugu zake walikuja usiku," dada anasema. Hapa mkono wake mwepesi ulisimama. "Wakamwambia achague. Hakunipiga. Hakunifukuza. Alinyamaza tu. Mimi nikachukua mtoto nikaenda Jamhuri Park, walikokuwa wakimbizi. Baadaye nikapanda basi la Namanga. Ule unyamavu wake ndio sijausahau."

KWA NINI ZANZIBAR HAIKUWAKA 2010?

Kasheshe ile ilizimwa na watu tunaowajua. Kofi Annan alikuja na Graça Machel na mzee wetu Benjamin Mkapa. Februari 28, 2008 Kibaki na Raila wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka, na Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akiwa hapo hapo. Raila akawa Waziri Mkuu. Yaani baada ya vifo vyote vile, wakagawana kile ambacho mwaka 2002 walikuwa wamekubaliana kukigawana kwa kalamu tu!

Sasa tazama jambo la kushangaza. Oktoba 2010, hapa kwetu Zanzibar, Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapata 49.1. Tofauti ni asilimia moja tu, ndogo kuliko ile ya Kenya 2007. Na Zanzibar ina historia yake: Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, Pemba hasa. Kwa nini 2010 haikuwaka?

Kwa sababu Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana wakakubaliana, na Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kila mmoja aliingia kwenye kampeni akijua kwamba atakayeshika nafasi ya pili hatalala njaa. Hakukuwa na sababu ya kumwambia mpiga kura "wakishinda wale, tumekwisha". Kampeni zikapoa zenyewe.

Hapo ndipo siri ilipo, msomaji wangu. Ukitaka kampeni isiyogawa watu, usitazame tabasamu la mgombea. Tazama aliyeshindwa atabaki na nini. Mchezo ambao mmoja anachukua sufuria na mwingine hata ukoko hapati, lazima watu watoane macho.

Lakini nasi tusijigambe. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, na ile serikali ya umoja ikavunjika kwa miaka kadhaa. Na kwa upande wa Muungano, sheria ya vyama ya 1992 inataka chama kiwe na wanachama 200 katika kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua 10, ikiwemo Unguja na Pemba, na inakataza chama cha kabila au cha dini. Ni sheria nzuri, imetusaidia. Lakini haikuzuia yaliyotokea Oktoba 2025, uchaguzi ambao Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura, na siku ya kupiga kura, Oktoba 29, damu ikamwagika mitaani. Kumtoa mtu kwenye hesabu hakuhitaji matusi ya kabila. Unaweza ukamtoa kimya kimya, kwa karatasi.

KISWAHILI CHETU KIKITUMIKA VIBAYA

Kuna neno linaniuma kama mwandishi: madoadoa. Kwetu ni neno la kitenge au la ng'ombe. Kwenye kampeni za Kenya lilikuwa na maana ya watu wa kabila jingine wanaoishi "mahali petu". Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka jukwaani Eldoret, mji uleule wa karibu na Kiambaa. Aprili mwaka huo tume ya utangamano ya Kenya ikatoa orodha ya maneno ya chuki, na humo kulikuwa na madoadoa, kwekwe na mende. Kwekwe zinang'olewa, mende wanauawa. Rwanda mwaka 1994 redio ilianza kwa kuwaita watu mende. Mtu akianza kumwita jirani yako jina la mdudu, jua anakuandaa.

Kenya imejaribu mbinu nyingine pia. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao watu wao ndio waliopigana Bonde la Ufa, waliungana wakashinda kwa asilimia 50.07. Amani ikapatikana pale palipowaka, lakini wengine wakasema ni ndoa ya wawili, wao ni wageni waalikwa. Mwaka 2022 Ruto akaja na toroli, akasema ugomvi si wa makabila, ni wa mahasla na watoto wa vigogo. Akashinda kwa asilimia 50.49.

Halafu Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kupinga muswada wa kodi, wakisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Juni 25 wakaingia mpaka Bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Rais akauondoa muswada, akavunja baraza la mawaziri, kisha akawaingiza watu wa Raila serikalini. Vijana wakauliza swali zuri: mmejumuisha wananchi, au mmejumuisha wakubwa tu?

MASWALI MATATU YA KUMPIMA

Kampeni ni kutongozwa, basi. Na kama dada yako angekufundisha, asingekukataza kupenda, angekwambia uulize maswali. Haya hapa matatu:

Moja: akisema "sisi", ni sisi nani? Je, rafiki yako wa dini nyingine au kabila jingine yumo, au ni yeye anayesemwa?

Mbili: akishinda, aliyeshindwa atapata nini? Kama jibu ni "watatukoma", kimbia.

Tatu: anayoyasema mjini kwa Kiswahili, ndiyo anayoyasema kijijini kwa kilugha? Mwanamume mwenye maneno mawili ana nyumba mbili.

Nilipokuwa naaga pale saluni, akaingia kijana mrefu kaleta chai ya mama yake. Ndiye yule mtoto wa ndizi na chungwa, aliyezaliwa 2005. Nikamtania, "Kijana, wewe kabila gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kizamani.

"Mimi wa Sinza," akajibu, akamwekea mama yake kikombe karibu, akatoka.

Mama yake akacheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo naye mwaka juzi alianza kuongea mambo ya 'wale'. Nikamkalisha hapo kwenye kiti, nikamwambia kisa chote cha baba yake. Sasa akisikia mtu jukwaani, swali lake la kwanza ni hilo hilo: wale ni akina nani?"